Kompyuta haikimbii: familia za Sange zichague vipi programu ya kuchunga nakala?

SANGE (Uvira) – Kila mara Bonde la Ruzizi linapokimbia, watu wanabeba vitu vilevile: watoto, godoro, sufuria, mfuko wa unga, simu na chaja yake. Kompyuta inabaki. Ni nzito, inaonekana na kila mtu barabarani, na mwenye kuibeba anajua kwamba kwenye kizuizi cha kwanza ataulizwa ni ya nani na ndani yake kuna nini. Basi inafunikwa kitambaa, inasukumwa chini ya kitanda, mlango unafungwa. Mwenye nyumba akirudi baada ya wiki mbili au miezi mitatu, mara nyingi anakuta mlango umevunjwa, paneli ya sola imeng'olewa juu ya bati, batri imechukuliwa, na mashine haipo.

Mashine inaweza kununuliwa tena. Kile kilichokuwa ndani yake hakiuzwi mahali popote.

Ndiyo maana swali linalosikika sasa kwa vijana wa Sange wenye kompyuta, kwa walimu, kwa wenye sekretariati na hata kwa familia zilizo ng'ambo ya mpaka, Burundi, si swali la starehe: ni programu gani nzuri ya kuchunga nakala ya akiba? Wengi wanauliza jina la programu. Jibu la maoni haya ni kwamba jina linakuja mwisho. Kwanza sherti mtu ajue atafungua nakala yake wapi, siku gani, na kwa mashine ya nani.

Kilicho ndani ya mashine moja

Mtu wa mbali anaweza kufikiri kwamba kompyuta ya nyumbani kule Sange ina sinema na nyimbo tu. Wakaaji wanajua kuna mengine. Kuna picha za ndoa na za matanga. Kuna diploma ya Serikali iliyopitishwa kwenye skana kabla ya kutumwa kuombea kazi. Kuna picha ya hati ya kiwanja, kadi ya uchaguzi ya baba, buletini za watoto, barua ya mauzo ya shamba la muhogo au la mpunga. Kwa mwalimu kuna alama za wanafunzi. Kwa karani wa kanisa kuna orodha ya ubatizo na ya ndoa. Kwa mwenye sekretariati kuna kazi ya kartie nzima: kila mtu aliyekuja kuandikisha barua, kupiga fotokopi au kutoa picha ya pasipoti ameacha kitu ndani ya mashine ile.

Uzito wa karatasi hizi unajulikana kwa aliyezipoteza. Sheria ya Kongo inampa mzazi siku 90 za kuandikisha mtoto bure. Siku hizo zikipita, sherti kupitia mahakama, na mahakama inataka pesa na safari. Picha ya cheti cha kuzaliwa haichukui nafasi ya cheti chenyewe. Lakini ina namba, tarehe, jina la ofisi na jina la aliyetia sahihi. Mwenye kuwa nayo anaanza kutafuta katikati ya njia. Asiye nayo anaanza sifuri, na wakati mwingine kitabu cha ofisi nacho kilishaungua.

Moto, maji, risasi, safari

Bonde hili limekwisha kuona kila namna ya kupoteza. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka hapa Sange na kushika moto. Zaidi ya watu 230 walikufa, na nyumba zilizo kando ya barabara ziliungua na kila kilichokuwemo. Juni 2014, wauaji waliingia Mutarule usiku, na zaidi ya watu 30 waliuawa. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mito ya Uvira, Mulongwe kwanza, ilifurika na kubeba maelfu ya nyumba. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda na kuingia kwenye nyumba za kandokando. Kisha mwaka 2025: Goma mwezi wa Januari, Bukavu mwezi wa Februari, watu wakivuka mto Ruzizi kwenda Cibitoke na kulala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, wengine wakipelekwa kambi ya Musenyi. Mwezi wa Desemba vita vikashuka barabara ya Bonde mpaka Uvira.

Mbele ya vifo, faili si kitu, na hakuna anayetaka kulinganisha. Lakini waliobaki hai wanaendelea kuishi, na kuishi kunadai karatasi. Ukiangalia majanga hayo moja moja, somo la nakala ni lilelile. Moto unaunguza mashine pamoja na diski iliyowekwa juu ya meza hiyohiyo. Maji yanaingia kwenye droo kama yanavyoingia kwenye mashine. Mwizi anayebeba kompyuta anabeba na flashi iliyochomekwa pembeni. Na safari ya Desemba imeonyesha jambo gumu zaidi: nakala iliyo kwa jirani, au kwa shangazi wa Luvungi, haisaidii siku ambayo Bonde zima linaondoka pamoja.

Nakala ni nini, na si nini

Makosa matatu yanarudi kila siku, na hakuna programu inayoweza kuyaponya.

La kwanza ni kuhamisha faili na kusema umechunga. Mtu anakata picha zake kutoka kwenye kompyuta iliyojaa, anazibandika kwenye flashi, anatulia. Hana nakala. Ana kitu kimoja kilekile, kilichohamia kwenye chombo kidogo zaidi, rahisi kupotea zaidi. Nakala ni pale kitu kinapokuwa mahali pawili kwa wakati mmoja.

La pili ni kuamini kwamba folda inayojituma yenyewe kwenye intaneti, kama Google Drive au OneDrive, ni nakala kamili. Folda hiyo inafuata kile unachofanya. Mtoto akifuta picha kwenye kompyuta, zinafutwa na kule juu. Kuna kikapu cha takataka kinachochunga vilivyofutwa kwa siku kadhaa, lakini aliye njiani kwenda kambini hatakumbuka kukifungua kabla siku hazijaisha.

La tatu ni flashi yenyewe. Sokoni kuna flashi za bei ndogo zilizoandikwa terabaiti 1 au 2. Nyingi ni uongo: ndani kuna giga chache tu. Inaendelea kupokea faili bila kulalamika, na siku ya kufungua, faili za mwisho hazifunguki. Kuna programu ndogo ya bure, H2testw, inayojaza flashi na kuisoma tena ili kuonyesha ukubwa wake wa kweli. Mwenye duka mwaminifu hawezi kukataa ijaribiwe mbele ya mnunuzi.

Maswali manne kabla ya jina la programu

Magazeti ya kompyuta ya Ulaya na Marekani yanapanga programu hizi kwa kasi, kwa uzuri wa dirisha, kwa idadi ya vifaa. Vipimo hivyo ni vya mtu mwenye umeme mchana na usiku, na mwenye intaneti isiyohesabu mega. Sange inahitaji vipimo vyake.

Swali la kwanza: nakala itafunguka kwenye mashine ya mtu mwingine? Hili linapita yote. Programu nyingi zenye sifa, kama Veeam Agent au Duplicati, hazichungi faili zako kama zilivyo. Zinazifunga zote ndani ya mafurushi yao, na sherti uwe na programu ileile ili kuzifungua. Faida ipo: nafasi inapungua, na Veeam inaweza kurudisha kompyuta nzima pamoja na Windows yake. Lakini mwanafunzi aliyefika Bujumbura na diski tu, akaazimwa kompyuta kwa nusu saa, haruhusiwi kuweka programu mpya kwenye mashine ya wenyewe. Anaona mafaili yenye majina yasiyosomeka, na diploma yake iko ndani.

Tena programu zenyewe hazidumu. Macrium Reflect ilikuwa na toleo la bure lililopendwa na mafundi wengi. Kampuni ikatangaza mwisho wake, na tangu mwanzo wa 2024 toleo hilo halitunzwi tena. Aliyeifunga mali yake humo sasa anategemea kisakinishaji cha zamani alichokichunga, au kulipa. Kwa familia ya kawaida, nakala bora ni ile inayoonekana kama folda ya kawaida: unachomeka diski popote, unaona picha, unafungua.

Swali la pili: inavumilia umeme wetu na mtandao wetu? Umeme ukikatika katikati ya kazi, programu nzuri inaanza pale ilipoachia, haianzi upya. Na haikopi vyote kila siku. Inaangalia kilichobadilika tangu mara ya mwisho na kuchukua hicho tu, ili dakika 20 za batri zitoshe.

Kuhusu intaneti, hesabu ni rahisi. Mtu mwenye giga 10 za picha, kama mtandao wake unatuma megabiti 1 kwa sekunde, anahitaji zaidi ya saa 22 bila kukatika hata mara moja. Google inatoa giga 15 bure, OneDrive giga 5; nafasi ipo, bali njia ya kufika huko ni nyembamba na mega zinalipwa. Na njia hiyo inaweza kufungwa kabisa: baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini kwa muda wa siku karibu 20. Anayesema "weka vyote kwenye mtandao" anashauri kama mtu asiyeishi hapa.

Swali la tatu: inachunga matoleo ya zamani? Virusi vinavyotembea kwenye flashi za Bonde vinajulikana na kila mwenye sekretariati. Unafungua flashi, folda zote zimegeuka vijifaili vidogo vyenye mshale. Wengi wanadhani faili zimekwisha na kuifuta flashi nzima, kumbe virusi vimezificha tu. Ukiiambia Windows ionyeshe vilivyofichwa na faili za mfumo, zinaonekana. Lakini kuna virusi vibaya zaidi, vinavyofunga faili na kudai pesa, kama WannaCry iliyozunguka dunia mwezi wa Mei 2017. Programu inayokopi leo juu ya jana itachukua faili zilizoharibika na kufuta nazo zile nzima. Programu inayochunga toleo la jana, la juzi na la mwezi uliopita inakupa mahali pa kurudi.

Swali la nne: akiokota mtu mwingine, atasoma nini? Hapa hakuna jibu moja. Windows za Pro zina BitLocker, na VeraCrypt inapatikana bure kwa wote. Zote mbili zinafunga diski kwa neno la siri. Kwa mwenye orodha za watu, wagonjwa, wahanga wa ubakaji, wanachama wa shirika, kufunga ni lazima, na bora zaidi ni kutokuibeba orodha hiyo kabisa barabarani. Lakini diski iliyofungwa nayo ina hatari zake. Neno la siri likisahaulika, hakuna fundi atakayefungua, Bujumbura wala London. Na kwenye kizuizi, mtu mwenye bunduki anaweza kulazimisha ifunguliwe. Kwa picha za harusi na buletini za watoto, familia nyingi zitafanya vizuri kuziacha wazi. Siri iwekewe kufuli. Kisicho siri kisifungwe hata mwenyewe akashindwa kukifungua.

Sasa majina

Kwa vipimo hivyo, programu mbili zinatosha karibu kila nyumba ya Sange yenye Windows, na zote ni za bure.

Ya kwanza tayari iko ndani ya mashine: File History, iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012 na bado ipo kwenye Windows 10 na 11, ndani ya Control Panel. Wengi hawajawahi kuifungua. Unachomeka diski ya nje, unaiwasha, basi. Kila saa, diski ikiwa imechomekwa, inachukua kilichobadilika kwenye Documents, Picha, Desktop na folda nyingine za kawaida. Diski ikiwa haipo, inangoja. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inachunga matoleo ya zamani, na faili zinabaki faili: kila moja imeongezewa tarehe kwenye jina lake, na mashine yoyote inaweza kuzifungua. Udhaifu wake ni kwamba haichukui folda ulizotengeneza nje ya zile za kawaida, kwa mfano moja kwa moja kwenye D, mpaka uziongeze. Wenye sekretariati waangalie hapo, kwa sababu kazi ya wateja ndiko inakowekwa.

Ya pili ni FreeFileSync. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na inasema Kifaransa. Upande wa kushoto unaweka folda zako, upande wa kulia diski. Unabonyeza kulinganisha, inakuonyesha kitakachokopiwa kabla haijagusa kitu, halafu unakubali. Onyo moja: ina hali ya "kioo", inayofanya upande wa kulia ufanane kabisa na wa kushoto, pamoja na kufuta. Mtu aliyepoteza picha kwenye kompyuta, akabonyeza kioo, anazipoteza na kwenye diski. Kwa nyumbani ichaguliwe hali ya kusasisha, ambayo inaongeza vipya bila kufuta vya zamani. Na kwenye mipangilio, faili inayobadilishwa ihamishiwe kwenye folda ya matoleo badala ya kufutwa.

Mwenye Mac ana Time Machine tangu 2007. Mwenye Ubuntu ana Déjà Dup, nzuri na rahisi, lakini akumbuke kwamba nayo inafunga mafurushi, kwa hiyo abebe na nakala ya kawaida ya karatasi muhimu. Na mwenye Windows 10 ajue kwamba tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuitunza kwa kawaida. Mashine itaendelea kuwaka, lakini milango yake itazidi kulegea mbele ya virusi. Kwake yeye nakala ni ya haraka zaidi.

Diski mbili, bahasha moja

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliandika kanuni ambayo mafundi wa dunia nzima wameichukua: nakala tatu, kwenye vyombo vya namna mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Kwa Bonde inaweza kusemwa hivi: diski moja nyumbani, diski moja mbali, na bahasha ndogo kwenye intaneti.

Diski ya mbali isiwe mbali kwa jina tu. Ikae kwa mtu anayeaminika mji mwingine, na bora mji ambao hautakimbia siku moja na Sange: kwa kaka aliye Bujumbura, kwa binti anayesoma Kalemie au Lubumbashi. Mara mbili kwa mwaka, msafiri wa familia anabeba moja kwenda na kurudi na nyingine. Haihitaji mega hata moja.

Bahasha ya intaneti ndiyo kazi ndogo yenye faida kubwa. Picha ya karatasi moja kwa simu ya kawaida ni mega 2 mpaka 4. Karatasi 30 muhimu za familia hazizidi mega 120. Hizo zinaweza kutumwa kwa usiku mmoja, kwenye Google Drive au kwa barua pepe ya mwenyewe, zikagawanywa kidogo kidogo. Na hapa hata asiye na kompyuta ameingia: simu inatosha. Ila neno la siri la akaunti hiyo likaririwe na watu wawili wa nyumba, baba na mama, au mama na mtoto mkubwa. Na akaunti isitegemee laini moja ya simu tu. Anayevuka mpaka na kununua laini ya Burundi hatapokea ujumbe wa kuthibitisha uliotumwa kwenye laini ya Kongo iliyopotea njiani. Google inaruhusu kuchapisha mapema namba za akiba za kuingilia. Zinaweza kushonwa ndani ya pindo la nguo.

"Asiye na unga afikirie diski?"

Kuna wanaosema maneno haya ni ya wenye nacho. Diski ya nje ni dola nyingi kwa familia iliyorudi na kukuta shamba halijalimwa. Wana haki. Hakuna anayeweza kumwambia mama aliye kambini anunue diski kabla ya unga.

Lakini hoja hiyo inamgusa zaidi mwenye kompyuta kuliko asiye nayo. Mama yule hana diski, ila karatasi zake ziko kwenye mashine ya mwingine: sekretariati ilipoandikwa barua yake ya mauzo, shule aliposoma mtoto, parokia alipobatiziwa. Mashine moja Sange inabeba mali ya mamia ya watu wasiojua hata inafananaje. Ikipotea bila nakala, hasara si ya mwenye mashine peke yake. Kwa hiyo nakala si jambo la nyumbani tu. Ni deni la kila mwenye kuchunga kazi za watu.

Wakuu wa shule, makarani wa makanisa na wenye sekretariati wanaweza kuulizwa maswali matatu bila kugombana. Kazi zetu ziko mahali pangapi? Mahali pa pili ni wapi? Mara ya mwisho ulijaribu kufungua lini? Mwenye kujibu vizuri astahili kuongezewa wateja. Mwenye kucheka maswali hayo, mteja aombe faili lake kwenye flashi yake mwenyewe kabla ya kutoka mlangoni. Ni haki yake, amelipa. Na mashirika yanayogawa mahema na sabuni yangefanya vizuri kuweka kwenye kambi skana moja, kompyuta moja na kijana mmoja mwaminifu, siku moja kwa wiki. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya kuwasindikiza watu mahakamani miaka mitano baadaye.

Nakala isiyojaribiwa

Hata wakubwa wanaanguka hapa. Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya data ya mtambo uliokuwa ukifanya kazi. Kampuni ilikuwa na njia tano za nakala. Walipozifungua, hakuna hata moja iliyokuwa sawasawa. Waliokolewa na nakala ambayo fundi alikuwa ameichukua saa chache kabla kwa shughuli nyingine. Na mwaka 1998, huko Pixar, Marekani, sinema ya Toy Story 2 ilifutwa karibu yote kwenye mashine za kampuni, na nakala zao zilikuwa mbovu. Iliyowaokoa ilikuwa kompyuta iliyo nyumbani kwa mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu ya mtoto mchanga. Nakala iliyo kwa mama mwenye mtoto ilishinda mitambo ya kampuni nzima.

Basi kila miezi mitatu, mwenye diski achukue dakika 10. Aende kwa jirani mwenye kompyuta, achomeke, afungue faili tatu: picha moja, barua moja, karatasi moja iliyopita kwenye skana. Zikifunguka, arudi nyumbani alale. Zisipofunguka, afurahi kwamba amejua leo, akiwa bado na mashine yake mezani.

Mwenye kompyuta Sange asingoje programu bora kuliko zote. Awashe File History jioni hii umeme ukirudi, na wiki hii atafute mtu wa mji mwingine wa kumchungia diski ya pili. Asiye na kompyuta apige picha karatasi zake kwa simu, azitume kwake mwenyewe, na amfundishe mtoto wake mkubwa neno la siri. Hakuna anayejua barabara ya Bonde itakuwa na nini mwezi ujao. Siku ikifika, mikono itakuwa na watoto na godoro, na diploma iwe imeshafika mbele kabla ya mwenyewe.